Neno Nililolichapa Bila Kulijua

Mwembesongo, Morogoro
Jumamosi, saa nane mchana

Tekla mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukila viazi vya mdogo wako kwa kisingizio kwamba unasafiri. Hujambo kabisa. Sasa umekwenda kwa fundi kufuata sketi zako, baba yako yuko stendi anakata tiketi ya Dodoma, na mimi nimefunga chumba cha kuchapia na kuwaambia wanafunzi warudi Jumatatu. Naandika kwa kalamu. Kwenye kompyuta vidole vyangu huenda mbele ya akili, na hiyo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukupa.

Mambo ya chandarua, dawa na kufuli ya sanduku tumeshayasema mpaka ukachoka. Hayamo humu. Humu mna neno moja la wataalamu wa mawe. Najua chuoni utafundishwa wiki za mwanzo, na mwalimu atalipita kwa dakika mbili. Mimi lilinichukua miaka sita, na kutolijua kwangu kukamtenganisha mjomba wako Anselmi na mtu aliyekuwa kama ndugu yake wa tumbo moja. Nataka ulipate kwangu kwanza.

Kabla hujazaliwa nilipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya madini hapa mjini. Nilikuwa msichana wa Matombo mwenye cheti cha kidato cha nne na vidole vyepesi. Mjiolojia wetu alikuwa Bwana Lyimo, mtu mrefu, mpole kwa mawe na mkali kwa watu. Akirudi kutoka milimani alinipa daftari lenye madoa ya udongo, nami ndiye niliyegeuza mwandiko wake kuwa ripoti. Mwandiko huo ulikuwa kama msafara wa siafu. Katika ripoti ya kwanza kabisa nilikutana na neno lililokuwa likizisifia fuwele. Mwanzo wake sikuweza kuusoma, lakini mwisho niliuona vizuri: hedral. Nikafikiri. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, na neno pekee la Kiingereza nililolijua lenye mwisho huo lilikuwa cathedral, lile kanisa kuu lenye askofu. Nikalichapa hivyo, ripoti nzima, kila lilipotokea. Fuwele za kanisa kuu.

Bwana Lyimo aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Walicheka mpaka mhasibu akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Askofu. Hata mlinzi wa getini aliniamkia hivyo. Bwana Lyimo aliniandikia neno sahihi kwenye kipande cha karatasi, euhedral, akanifundisha kulitamka yuhidrol, akaniambia nilibandike ukutani mbele ya mashine. Nililibandika. Nilitaka kumwuliza lina maana gani, sikumwuliza. Niliogopa kwamba nikiuliza nitachekwa tena.

Nikakaa nalo hivyo. Herufi zake zote nane nilizijua, hata ukiniamsha usingizini ningekutajia. Maana sikuijua. Na kilichokuwa kibaya kuliko yote, Tekla, ni kwamba baada ya muda nilianza kujiona kama ninalijua. Ukilichapa neno mara nyingi, linakuwa kama mtu unayepishana naye kila siku njiani. Unaona mnafahamiana, kumbe hata jina la mtaa wake hujui.

Ulikuwa na miaka minne hivi mambo yalipofunguliwa. Zamani mtu wa Matombo akiokota jiwe jekundu shambani alilificha chini ya kitanda, maana biashara ya mawe haikuwa ya mtu kama yeye. Ikaja ruksa. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, na kule milimani wakaanza kupanda wanunuzi wenye tochi ndogo na lenzi mfukoni. Wakulima wa ndizi na pilipili manga wakanunua sururu.

Mjomba wako naye akanunua. Mwenziwe alikuwa Shabani, jirani yetu tangu utotoni. Mmoja alikuwa wa misheni na mwingine wa msikitini, lakini waliingia jandoni msimu mmoja. Krismasi Shabani alikula kwetu, Idi Anselmi alikula kwao. Walichimba shimo moja kando ya kijito, kwenye ardhi ya ukoo wa kina Shabani, wakakubaliana kwa mdomo tu kwamba kitakachopatikana ni cha wote wawili, hata kikitolewa na mmoja.

Wiki moja Anselmi akalala na homa. Shabani akachimba peke yake, na siku ya tatu akakuta jiwe jekundu ndani ya marumaru nyeupe. Angeweza kunyamaza. Alishinda kutwa nzima akilibandua kwa tindo, taratibu, kisha akalipeleka moja kwa moja kitandani kwa mgonjwa na kumwekea mkononi. Akamwambia akipata nafuu alipeleke mjini kwa dada yake, wataalamu walitazame kabla mnunuzi yeyote hajaliona. Hapo nakuomba usimame kidogo. Alimpa mwenziwe jiwe zima, likaenda Morogoro bila yeye, wala hakuandikiana naye chochote.

Anselmi alikuja juu ya lori la ndizi. Alifika getini na sweta lake la homa na matope hadi magotini, akaniulizia kwa jina langu la nyumbani. Mlinzi akaita kwa sauti kwamba Askofu ana mgeni. Wenzangu wakatokeza vichwa madirishani. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa juu ya mjomba wako niliyemlea mgongoni. Niseme mdogo wangu, maana wewe unamjua na mvi zake na husahau kwamba ni mdogo kwangu. Nilimvuta haraka hadi nyuma ya banda la baiskeli. Akafungua kitambaa.

Sijaona kitu kama kile. Lilikuwa kubwa kama ncha ya kidole gumba, jekundu kama maji ya choya. Lakini si rangi iliyonishtua. Lilikuwa na pande nane, kila upande pembetatu, kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Kingo zake zilinyooka kama zimepigwa rula, na pande zenyewe ziling'aa kama zimepanguswa kwa kitambaa. Mawe niliyokuwa nikiyaona ofisini yalikuwa mabonge. Nikajiambia ardhi haiwezi kufanya kazi safi namna hii, huu ni mkono wa mtu. Na mjini kulikuwa na habari za matapeli waliokuwa wakivunja taa za nyuma za magari, wakachonga vioo na kuwauzia watu kama rubi.

Nilimwambia Anselmi asubiri, nikaingia ndani nikiwa nimelifumbata. Nilifika hadi mlangoni kwa Bwana Lyimo. Alikuwa na wageni, wanaongea na kucheka. Nikawaza: nikiingia na kioo cha taa ya gari mbele ya wageni, Askofu nitakuwa mpaka nastaafu. Nikasimama pale kwa muda wa mtu kusema Salamu Maria moja. Sikugonga. Nikarudi bandani.

"Ni kioo," nilimwambia. "Mtu amekichonga."

"Bwana mkubwa amekiona?"

"Amekiona."

Hilo la kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga si dhambi. Hilo la pili ni uongo, na niliusema bila kupepesa macho, kwa sababu nilitaka aondoke na nilitaka aendelee kuniona kuwa mtu wa ofisi. Nimejaribu miaka mingi kujitafutia sababu nyingine, sijaipata.

Sikufikiria njiani atawaza nini. Juu ya lori, na homa yake, Anselmi aliwaza kwamba Shabani alichimbua jiwe la kweli, akalificha, akamletea kioo ili amtume mjini kama mtoto. Hakumwendea nyumbani. Alimkuta siku ya gulio, watu wamejaa, akamwita mwizi na kulitupa jiwe chini mbele yake. Liligonga mwamba, kona moja ikameguka. Walionisimulia wanasema Shabani hakupandisha sauti. Aliangalia lile jiwe, kisha akamwangalia Anselmi.

"Nimelitoa mwenyewe kwenye marumaru," alisema. "Kama ofisi imesema ni kioo, basi ardhi yetu inazaa vioo."

Akaondoka bila kuliokota. Mke wa Anselmi ndiye aliyeliokota baadaye, akalitia kwenye kopo la chumvi. Miezi miwili haikupita, Shabani akahama kijiji. Tukasikia yuko Dumila, anauza nyanya na vitunguu kando ya barabara. Watu walisema amekimbia aibu. Mimi niliposikia nilijifariji kwamba angalau nilimwokoa mdogo wangu asitapeliwe.

Maana ya neno niliipata kwa njia ambayo sikuitafuta. Nilikwenda Matombo kwenye komunio ya kwanza ya binamu yako, nikaketishwa karibu na Mwalimu Fidelis, yule mstaafu aliyesoma seminari miaka mingi kabla hajaamua kuoa. Katika kuongea nikamsimulia kisa cha jina langu la Askofu, ili acheke. Hakucheka. Aliniomba nimwandikie lile neno. Nikaliandika nyuma ya karatasi ya nyimbo. Akaliangalia kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

Akaniambia sikukosea sana. Hayo maneno mawili, alisema, ni ndugu. Yote yametoka Kigiriki, na ndani ya yote mawili kuna neno hedra, yaani kiti, mahali pa kukalia. Kanisa kuu linaitwa hivyo kwa sababu ndimo kilimowekwa kiti cha askofu. Na hiyo eu ya mwanzo ni wema, ni uzuri wa kitu. Hata neno la Kiingereza la fuwele akaniambia limetoka kwa Wagiriki, nalo lilikuwa jina la barafu, kwa sababu wazee wa kale walidhani fuwele ni barafu iliyoganda mno hata haiwezi tena kuyeyuka. Mimi barafu niliiona mara ya kwanza hapa mjini, nimeshakuwa mtu mzima, na nilifurahi mno kusikia kwamba kumbe kuna watu waliitazama wakawaza mawe. Neno letu fuwele nimewauliza wengi lilikotoka, na bado sijampata anayejua.

Nikamwuliza Mwalimu kiti kinahusianaje na jiwe. Akasema hajui, nimwulize mwenye mawe. Alisema hajui kwa uso wa furaha kabisa, kama vile kutojua ni zawadi niliyomletea. Sikuwahi kumwona mtu msomi akisema hivyo. Nilirudi mjini na hamu iliyoshinda aibu, na Jumatatu nikagonga ule mlango.

Bwana Lyimo alinitazama kwanza kama niliyekosea chumba. Nilipomwambia kwamba najua hedra ni kiti ila sijui kiti cha nini, akaweka kalamu chini. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kiboksi cha kiberiti, akakiweka juu ya meza na kukilaza ubavu, kisha kukisimamisha. Kila upande ambao kitu kinaweza kuukalia ni kiti chake, akasema. Mawe mengi, yanapoumbika yamesongamana na kubanwa na jirani zake, hayapati pande zake, yanajaza tu nafasi zilizobaki. Lakini wakati mwingine fuwele huwahi, au huwa na nguvu ya kujitanua, ikakamilisha pande zake zote. Hiyo ndiyo tunayoiita hivyo. Akaniambia wataalamu wa zamani walikuwa na neno jingine, lililomaanisha umbo lake lenyewe, wakabishana, wengine wakatunga hili la viti. Alikuwa anaongea kwa raha. Miaka sita mtu yule alikuwa akisubiri mtu wa kumwuliza, nami nilikuwa chumba cha pili.

Kisha akanipa jiwe kutoka kwenye kabati, aliloliokota mwenyewe milimani kwetu. Lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, jekundu. Pande nane, kingo zimenyooka, pande zinang'aa.

"Nani amelichonga?" nikamwuliza, na sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Hakuna," akasema. "Limezaliwa hivyo."

Aliendelea kunieleza kwamba si rubi, ni spineli, na kwamba wapo wanaosema jina hilo limetokana na mwiba kwa Kilatini, kwa ajili ya ncha zake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. 

Ungependa nikuambie kwamba siku hiyohiyo nilipanda gari kwenda Matombo. Sikupanda. Nilingoja msimu mzima wa mvua. Nilisema barabara ni mbaya, na kweli ilikuwa mbaya, lakini watu walikuwa wanapita. Kila wiki niliyoahirisha ilifanya habari iwe nzito zaidi kuibeba, na mwishowe nilikwenda kwa sababu tu nilishindwa kulala.

Mjomba wako nilimkuta anapalilia migomba. Nilimweleza yote, na lile la mlango nisiougonga. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Niliandaa moyo kwa matusi, maana nilistahili.

"Ungesema tu hujui, dada," akasema.

Akaendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari. Kisha akaenda kunawa, akamwambia mkewe alete lile kopo la chumvi, tukafuatana wawili hadi Dumila.

Shabani alitupokea kama wageni wowote. Alitupa gunia tukakalia, akaendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu huku nikisema. Sikumficha kitu. Nilipomaliza, wateja wawili wakaja wakahudumiwa wakaenda. Halafu akazungumza, si na mimi, na Anselmi.

"Mimi sikuhitaji ofisi iniambie ni jiwe. Nilihitaji wewe uniulize kabla hujaniita mwizi."

Mjomba wako aliinama, machozi yakawa yanadondoka kwenye vumbi, na Shabani akatazama pembeni ili asimwaibishe. Sikumsikia akisema amesamehe. Alichofanya ni kunyoosha mkono achukue jiwe. Aliligeuza, akaigusa ile kona iliyomeguka, kisha akaniuliza hilo neno lenyewe lina maana gani. Nikamweleza: wema, na kiti. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, na lilikuwa jambo la kwanza kuhusu mawe nililowahi kumwambia mtu nikiwa ninalijua kweli. Akaliweka jiwe juu ya ubao wa nyanya, likakaa. Akaligeuza upande wa pili, likakaa. Akaenda hivyo hadi upande wa nane, kisha akamwita mkewe aongeze maji ya ugali.

Jiwe waliliuza pamoja baadaye, sijui liko nchi gani sasa. Shabani hakurudi Matombo. Anselmi humtembelea, wanakula, wanacheka, lakini hawajawahi tena kushika kazi moja, na sidhani watashika. Mimi ofisi ilinipunguza pamoja na wengine miaka michache baadaye, nikanunua mashine yangu, na ndiyo maana kila mwanafunzi anayeniletea kazi ya kuchapa namwomba anieleze neno moja lililomo. Ulikuwa ukidhani ni maringo ya mama. Sasa umejua.

Kuna kimoja bado sikielewi. Bwana Lyimo alisema zile za kwetu huota ndani ya marumaru, ambayo tayari ni jiwe gumu, imejaa kila mahali. Inawezekanaje kitu kipate pande zake zote mahali pasipo na nafasi? Alinieleza, nikaitikia kwa kichwa, lakini nilikuwa nimeshaacha kusikia. Ukifika hapo kwenye masomo yako, usinionee huruma. Niandikie kirefu.

Barua hii isome kabla basi halijafika Dumila. Litasimama pale watu wanunue vitu. Upande wa kulia, baada ya wauza mahindi, kuna mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma na ubao wa nyanya. Shuka. Mpe shikamoo, mwambie wewe ni mpwa wa Anselmi na unakwenda kusomea mawe. Nilimpelekea salamu kwamba unapita kesho, akajibu kwamba ana kitu cha kukuuliza.

Sikumwuliza ni nini, na sijui utamjibu nini. Ila nenda umsikilize.

Mama yako